Mwenye Simu Moja Hawezi Kuizima

Muulize mwenye duka wa Darajani au wa Mwanakwerekwe, masoko ya mjini Unguja, kwa nini simu yake haizimwi hata baada ya kushusha mlango wa duka, na mara nyingi hatakujibu kwamba anaipenda kazi yake kupita kiasi, wala kwamba hajui thamani ya kupumzika. Atakuhesabia. Ndani ya simu hiyo mna namba za wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam anaowaagizia mzigo wa boti ya kesho, mna pesa za mauzo ya mchana ambazo bado hajazitoa, mna picha za vitambaa alizowatumia wateja, mna madeni ya watu yaliyobaki katika jumbe za sauti badala ya kuandikwa katika daftari, mna njia ya kutolea risiti za kielektroniki zinazodaiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na mna hata namba za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, za duka na za nyumbani. Kukizima chombo kama hicho ni kulifunga duka, sanduku la fedha, daftari na ofisi kwa mara moja, na mtu mwenye akili timamu hafanyi hivyo kila jioni.

Tumezoea kuyazungumza mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kuharibika kwa vyombo vya kazi, nalo tunampelekea fundi. La pili ni kuchoka kwa mwenye biashara, asiyepata jioni wala Ijumaa ya kukaa na watoto wake, nalo tunampelekea daktari, au tunalimaliza kwa nasaha za barazani kwamba kazi haiishi na mtu apumzike. Rai yangu ni kwamba hayo ni jambo moja. Mfanyabiashara mdogo wa visiwani hawezi kuiacha kazi kwa sababu ileile inayoifanya biashara yake ianguke siku mashine inapokufa: kila kitu kimetundikwa katika chombo kimoja na mtu mmoja, na nyuma yao hakuna akiba yoyote.

Kisiwa cha Unguja kina kumbukumbu yake katika suala hili. Kuanzia tarehe 21 Mei hadi 18 Juni 2008 tulikaa bila umeme wa gridi, na kabla hatujasahau ukakatika tena tarehe 10 Disemba 2009, usirudi mpaka tarehe 9 Machi 2010. Kisiwa kizima kilikuwa kikitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45 hivi. Waya ulipoharibika, madhara hayakuishia kwenye taa. Pampu za maji zilisimama, barafu ya kuhifadhia samaki ikaadimika, saluni na wachomeleaji wakafunga, na kila aliyekuwa na jenereta akawa mtumwa wa dumu la mafuta. Mafundi cherehani waliokuwa bado na mashine za miguu waliendelea kushona mchana kwenye mwanga wa mlangoni, huku wenzao waliokuwa wameshaziuza zile za miguu ili wanunue za umeme wakikaa na mikono yao mapajani.

Jambo ninalolikumbuka zaidi katika miezi ile mitatu ni kwamba kazi ilisimama lakini watu hawakupumzika. Mwenye duka la samaki alikuwa amefunga, lakini siku yake nzima iliishia katika kutafuta maji, kusaka mafuta na kuwakaanga samaki waliobaki kabla hawajaoza. Kuzimikiwa si sawa na kuzima. Anayezima ameamua, amejua kazi itaanza tena saa ngapi, na ameacha vitu vyake mahali salama; anayezimikiwa hubaki macho, akisikiliza kama mngurumo wa friji umerudi. Tofauti hiyo ndogo ya lugha inabeba sehemu kubwa ya hoja yangu, kwa sababu wafanyabiashara wetu wengi mapumziko pekee wanayoyapata ni ya aina ya pili.

Kama nchi, somo lile tulilifanyia kazi. Jenereta kubwa zilifungwa Mtoni, na mwaka 2013 ukaanza kutumika waya wa pili wa baharini wenye uwezo wa megawati 100, uliojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Pemba nayo, ambayo kwa miaka mingi iliishi kwa jenereta za dizeli za Wesha, iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Kwa hiyo serikali, wafadhili na wahandisi walikubaliana kwamba watu wote wa visiwa hivi hawawezi kutundikwa katika kamba moja. Lakini ukiingia ndani ya biashara moja moja, kuanzia Konde mpaka Makunduchi, utaikuta kamba moja palepale: simu moja, friza moja, cherehani moja, kompyuta moja ya kufanyia fotokopi, na mtu mmoja anayejua namba ya siri. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zilizoko chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika na mtandao ukadorora Afrika Mashariki yote, ilionekana tena ni biashara zipi zilikuwa na daftari pembeni na zipi hazikuwa nalo.

Nitakaa kidogo kwenye friza, kwa sababu ndicho chombo kinachoonesha wazi jinsi uchakavu wa mashine unavyogeuka kuwa uchovu wa mtu. Kompresa inapokatikiwa umeme ghafla, gesi iliyobanwa katika mabomba hubaki na shinikizo kubwa upande mmoja, na huhitaji dakika kadhaa kabla shinikizo halijasawazika. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, mota hulazimika kuanza kuzunguka ikiwa bado inapambana na shinikizo hilo, huvuta umeme mwingi kupita kiasi, hupata joto, na mchezo huo ukirudiwa mara kwa mara waya zake huungua. Ongeza umeme unaorudi ukiwa juu au chini ya kiwango, na ongeza upepo wa chumvi unaokula chuma katika kila nyumba iliyo karibu na pwani, ambayo kwetu ni karibu kila nyumba.

Jirani yangu mmoja, Bi mtu mzima anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, aliliishi jambo hili bila ya kusomeshwa na fundi yeyote. Kila umeme ulipokatika usiku aliamka, akaenda kuchomoa friza, akakaa kitako barazani mpaka umeme uliporudi, akahesabu dakika zake, ndipo akalichomeka na kurudi kulala. Mwezi wa Ramadhani, ambapo barafu ndiyo inayoibeba nyumba yake, alikuwa akiamka hivyo mara mbili hata tatu kwa usiku mmoja, kabla ya daku. Watoto wake walimwambia apunguze kazi. Hakuna kazi aliyoweza kuipunguza, kwa sababu barafu ilikuwa ikiganda yenyewe. Kilichomwamsha kilikuwa ni ulinzi wa chombo alichojua kwamba kikiungua hana cha pili. Mwanawe alipomnunulia kile kifaa kidogo cha kulinda friji, mafundi wengine wanakiita frijigadi, ambacho hukata umeme usipokuwa sawa na kungoja dakika chache kabla ya kuurudisha, alianza kulala usiku mzima. Hakubadilisha tabia yake wala hakufundishwa namna ya kutulia. Kazi ya kuamka ilihamia kwenye kifaa.

Ndiyo maana siamini sana nasaha zinazomtaka mfanyabiashara atie nia ya kupumzika. Nia anayo. Asichokuwa nacho ni mpangilio unaomruhusu.

Simu ni ngumu zaidi kuliko friza, kwa kuwa hasara yake haionekani mpaka siku inapoanguka ndani ya maji. Laini yenyewe hurudishwa kwa alama za vidole za mwenyewe, na fedha zilizomo katika akaunti ya simu hazipotei kwa kuvunjika kioo. Vinavyopotea ni vile ambavyo hakuna kampuni inayovitunza kwa niaba yako: namba zilizohifadhiwa ndani ya simu tu, vipimo vya kanzu za wateja, makubaliano ya bei, na orodha ya nani kachukua nini kwa mkopo. WhatsApp inaweza kuhifadhi nakala ya mazungumzo katika akaunti ya mtandaoni, lakini lazima mtu aiweke hivyo mapema, akumbuke nywila yake, na awe na kifurushi cha kutosha. Nimeona biashara ambazo akaunti hiyo ilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku ya kununua, kwa jina na nywila ambazo mwenye simu hajawahi kuzijua. Biashara ya namna hiyo kwa kweli haiko mikononi mwa mwenyewe. Daftari la shilingi chache, linaloandikwa kila alasiri kwa dakika kumi, lingemfanya aweze kuiacha simu mezani bila ya moyo kumdunda, na simu ndogo ya vibonye yenye laini ya nyumbani ingeweza kutenganisha wito wa mtoto mgonjwa na wito wa mteja anayeulizia bei ya kanga saa tano za usiku.

Hapa inafaa kuangalia wenzetu wanavyolishughulikia suala hili, kwa sababu tunaweza kuiga pasipofaa. Ufaransa iliweka katika sheria haki ya mfanyakazi ya kujitenga na mawasiliano ya kazi kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Australia ilifuata tarehe 26 Agosti 2024, na waajiri wadogo, yaani wenye wafanyakazi wasiofika 15, wakapewa mwaka mzima zaidi wa kujiandaa. Sheria hizo zina maana kubwa kwa mtu mwenye bosi. Lakini mshona kanzu wa Mlandege bosi wake ni nani? Ni mteja, na mteja haandikiwi sheria. Hata kule Australia, kule kuchelewesha utekelezaji kwa biashara ndogo kunaonesha kwamba watunga sheria walijua pahali penye ugumu: palipo na watu watatu tu, mmoja akiondoka hewani, theluthi ya biashara imeondoka pamoja naye.

Pengine mteja mwenyewe si mkali kama tunavyomdhania. Wenye nyumba ndogo za wageni huko Paje, Jambiani na Nungwi huamka usiku kuwajibu watalii walioko katika nchi ambazo bado ni jioni, wakiamini kwamba kuchelewa dakika kumi kutawashusha daraja. Ukiuangalia utaratibu wenyewe wa Airbnb kwa wenyeji wanaotaka kutambuliwa kuwa bora, kinachopimwa upande wa majibu ni kujibu asilimia 90 ya maulizo mapya ndani ya saa 24. Saa 24, si dakika kumi. Kati ya vipimo hivyo viwili mna usingizi wa usiku kucha, nao unapotea kwa sababu hakuna aliyekaa na watu hao akawasomea masharti kwa Kiswahili. Vilevile WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, ina sehemu ya kuandika saa za kazi na kutuma jibu la kujiendesha lenyewe kwamba duka limefungwa na mteja atajibiwa asubuhi. Ni jambo la robo saa kuliweka, na jibu fupi la heshima humtuliza mteja kuliko ukimya.

Zaidi ya hayo, visiwa hivi havikuanza jana kujua namna ya kuiacha kazi. Mkulima wa mwani wa mashariki ya Unguja, kazi iliyoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, huenda shambani bamvua linapofika na bahari kupwa mbali. Maji mafu yakiingia, shamba halifikiki na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kukaa nyumbani. Mvuvi wa dagaa, anayewavuta samaki kwa taa, hukaa pwani katika siku za mbaamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa yake haina maana. Na mchana wa Ijumaa, Sura ya Al-Jumua katika aya ya 9 imewaamrisha waumini kuacha biashara inaponadiwa sala, kisha aya ya 10 ikawaruhusu kutawanyika na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu sala inapokwisha. Kuna mwanzo na kuna mwisho. Mapumziko hayo yote yalikuwa na sifa moja ambayo simu imeiondoa: yaliwashika wote kwa pamoja. Mvuvi aliyekaa pwani usiku wa mbaamwezi hakuogopa kwamba mwenzake yuko baharini akichukua samaki wake. Mwenye duka anayezima simu leo anajua fika kwamba wa pembeni yake hajazima.

Na kuna jambo jingine katika desturi hizo ambalo naliona ndilo lenye faida kubwa zaidi kwetu sasa. Siku za mbaamwezi hazikuwa za kulala tu. Ndizo siku ambazo nyavu zilitandazwa mchangani zikashonwa, chombo kikapandishwa pwani, kikatiwa kalafati ya kuziba nyufa, kikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Mwili ulipumzika na chombo kikatengenezwa katika pumziko lilelile. Chombo kisichopandishwa pwani huvuja, hilo kila mvuvi analijua, na hakuna nahodha aliyejisifu kwamba ngalawa yake haijatoka majini mwaka mzima. Biashara za leo zinajisifu hivyo hasa. Cherehani inashona toka Rajabu mpaka usiku wa kuamkia Idi bila ya kutiwa mafuta, friza halijawahi kusafishwa vumbi lililoziba mabomba ya nyuma, mashine ya fotokopi haifunguliwi mpaka ikwame karatasi, na simu haijahifadhiwa nakala kwa sababu haijapata saa moja ya kuwa bila kazi. Mashine isiyopumzishwa na mtu asiyepumzika huharibika pamoja, na kwa kawaida wiki ileile yenye wateja wengi, maana ndiyo wiki inayozibana zaidi. Kama jumuiya za wafanyabiashara wa soko moja zingekubaliana tena kufunga kwa pamoja, hata nusu siku kwa wiki mbili, saa hizo zingetosha kwa mafundi kupita na kwa watu kukaa na familia zao, pasiwe na anayemhofia mwenzake.

Najua atakayenijibu kwamba akiba ni maneno ya wenye nacho. Mtu ambaye mtaji wake wote ni laki tatu hawezi kulaza laki moja katika cherehani ya pili inayokaa chini ya meza ikingoja ya kwanza iharibike. Jibu hilo ni la kweli, na siwezi kulipuuza. Lakini si lazima kila mtu awe na akiba yake peke yake. Upatu tunaujua vizuri. Wanawake kumi wanaochangiana kila wiki kwa ajili ya vyombo vya ndani na harusi wanaweza kuchangia mashine moja ya dharura inayokaa kwa mmoja wao na kwenda kwa yeyote aliyeharibikiwa. Mafundi wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuahidiana kwamba wa kwanza akikwama atashonea kwa wa pili baada ya Isha, kwa malipo madogo. Mipango ya namna hii inahitaji kuaminiana zaidi kuliko fedha.

Kuaminiana ndiko kunakotushinda hasa upande wa watu. Wafanyabiashara wengi hawamfundishi msaidizi namba za wauzaji, bei za kununulia wala namna ya kuzungumza na mteja mkorofi, wakihofia kwamba akishajua atafungua duka lake mbele ya barabara ileile na kuondoka na wateja. Wengine yamewafika, kwa hiyo si hofu ya bure. Matokeo yake lakini ni kwamba mwenye biashara akiumwa homa siku tatu, duka linaumwa naye. Mtoto aliyemaliza skuli na anayeshinda dukani anaruhusiwa kufagia na kupima mchele tu, ilhali simu inayolia imo mfukoni mwa baba aliyeko hospitali ya Mnazi Mmoja kwenye foleni.

Na kwa wanawake suala lina tabaka jingine. Mama anayeuza chapati na maandazi, akiiweka simu pembeni baada ya magharibi, anaingia kwenye kazi za nyumbani ambazo hazina kitufe cha kuzimia. Kwake yeye, mashine ya kukunia nazi au jiko la gesi lisilosumbua huenda ndilo pumziko lenyewe, kwa kuwa linampunguzia saa moja ya alfajiri. Anayemshauri apumzike bila ya kumuuliza kama anakuna nazi kwa mbuzi au kwa mashine hajamsaidia.

Kwa hiyo ninaelekeza maneno yangu ya mwisho kwa wanaokopesha, zikiwemo benki, vikundi vya kuweka na kukopa, na taasisi za serikali za uwezeshaji. Wanapokaa na muombaji humuuliza anataka kununua nini, atauza kiasi gani, na atarejesha lini. Ningependa waongeze maswali mawili kabla ya kutia saini: chombo hiki kikiharibika leo jioni, kesho asubuhi utafanya kazi kwa kutumia nini, na wewe ukilazwa wiki moja, nani ana ufunguo, daftari na namba za wateja? Anayejibu kwamba chombo chake kinalindwa na frijigadi, au kwamba yeye na jirani yake wana cherehani ya pamoja, au kwamba binti yake anajua bei zote, apewe masharti nafuu zaidi, na sehemu ya mkopo iruhusiwe kununulia kifaa cha ulinzi, betri ya akiba au matengenezo ya kila baada ya miezi mitatu, badala ya fedha yote kwenda katika mashine moja mpya ambayo mwenyewe atalala akiisikiliza.